Mume Wangu Alimnunua Kuku wa Mama Yake Mbele ya Kanisa Zima

Admin, nifichie jina tafadhali, maana mume wangu naye yumo humu na anapenda sana kulaiki zile aya za asubuhi. Mimi ni mama wa miaka thelathini na nane, nina watoto watatu, naishi Bariadi mjini. Mkiniona barabarani mtasema huyu dada kabarikiwa. Nyumba ya tailizi, gari lipo, mume ananunua pamba na dengu vijijini na ana Fuso zake mwenyewe. Sasa ngojeni niwaambie hizo baraka zenyewe zilivyo.

Tulipooana tulikuwa kijijini huko Lingeka, Meatu. Hatukuwa na kitu jamani. Asubuhi michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, jioni michembe, lakini yule mwanaume alikuwa anaomba! Akitoka shambani anakaa mlangoni na mama yake, ambaye wote tunamwita mayu, ananishika mkono tunaomba watatu, na mimi nalala moyo mweupe kabisa. Leo nina kitanda kikubwa kama uwanja na sikumbuki mara ya mwisho kaomba nyumbani ilikuwa lini. Nikimwambia tuombe ananijibu, "Si tumeshatoa sadaka? Mungu anaona." Anaomba kanisani tu, tena akipewa kipaza sauti.

Mayu alibaki kijijini. Mvua zilizopita upepo uliezua nyumba yake, ukuta mmoja ukaanguka. Nikamwambia mume wangu ampelekee mabati. "Nitaona baada ya msimu." Msimu wa pamba ukaisha, akasema tusubiri dengu. Dengu zikaisha, nikaacha kuuliza maana nilishaanza kuonekana mimi ndiye mkorofi. Muda wote huo mayu analala jikoni kwa jirani, na mbuzi wa jirani humohumo.

Basi ikaja Jumapili ya mavuno. Kwa wasiojua, kanisani kwetu kila mtu analeta alichojaliwa, mahindi, mpunga, kuku, halafu baada ya ibada vinapigwa mnada na hela inaingia kanisani. Mayu akaja na basi, kajifunga kitenge chake cha Jumapili, kuku mmoja kwapani. Ndiye aliyekuwa amebaki, tena anataga. Nikamwambia, "Mayu, huyo si ungemwacha tu?" Akasema, "Mungu kanifikisha mavuno mengine, nije mikono mitupu?" Na alikuwa na furaha yule mama, furaha ya kweli. Mimi pembeni yake na gauni la bei mbaya, ndani mkavu. Nilimwonea wivu, sifichi.

Kuku aliponyanyuliwa, mume wangu akasimama. Wakitaja bei, yeye anapandisha. Mwalimu mmoja akajaribu, akamzima palepale. Alimnunua kwa bei ya ndama, jamani, kuku! Halafu akasema, "Namrudisha madhabahuni, auzwe tena," akamnunua tena. Vigelegele, watu wanarukaruka, mchungaji anasema tazameni mwana anavyomheshimu mama yake. Mayu analia kwa furaha. Mimi niliinama nikajifanya natafuta kitu kwenye pochi.

Tulipotoka nje mayu akamwambia taratibu, "Baba, kwa vile umemnunua wewe, basi nirudi naye, alikuwa anakaribia kuatamia." Mume wangu akacheka kwa sauti mbele ya wazee. "Mayu, huyo ni wa Mungu sasa!" Akamkabidhi kwa mchungaji, na mchana uleule akachinjwa kwa ajili ya wageni. Mayu naye akawekewa kipande kwenye sahani. Nilimwangalia anakula, na akimaliza anamshukuru mwanaye.

Tulipofika nyumbani nikamlipukia. Nikamwambia zile hela zilikuwa mabati ya mama yako, unazimwaga ili upigiwe makofi? Mnajua alinijibu nini? "Kumbe unamwonea Mungu wivu."

Sasa kinachoniua ni hiki. Mume wangu kapendekezwa kuwa mzee wa kanisa na anasimikwa Jumapili hii. Na kwetu hakuna mzee anayewekewa mikono kabla mke wake hajasimama mbele ya watu wote akaulizwa kama mumewe anaitunza nyumba yake na wazazi wake kwa kumcha Mungu. Mke anajibu mwenyewe, kwa sauti. Kanishonea na gauni jipya. "Ni neno moja tu mke wangu, unasema unakaa." Juzi akaongeza, "Ukiniaibisha, njia ya kwenu unaijua."

Nikapanda basi nikaenda kwa mayu. Kusema kweli nilitaka yeye ndiye aniambie nisidanganye. Nilimkuta mlangoni kwa jirani anachambua choroko, nikapiga magoti nikamsalimia, nikamweleza yote. Akasema, "Mwanangu, tangu nimzae yule namwomba Mungu siku moja nimwone amesimama mbele ya kanisa. Wewe sema ndiyo. Mimi hapa jikoni pana joto."

Pana joto! Nililia njia nzima mpaka Bariadi, abiria wakadhani nimefiwa.

Naombeni msiniandikie "mwachie Mungu". Huyo Mungu ndiye atakayekuwa ananisikiliza pale mbele. Nikisema ndiyo, nimedanganya madhabahuni, na bati hata moja halitakwenda, kwa sababu kanisa zima litakuwa limeshamthibitisha. Nikisema hapana, narudi kwetu na aibu, na wa kwanza kulia atakuwa mayu mwenyewe. Keshokutwa nasimama. Na mayu atakuwa benchi la mbele kabisa, mwanaye kashamtumia nauli aje ashuhudie. Ndugu zangu, nikiulizwa, nijibu nini huku yule mama ananiangalia?