Kabla hujabishana kuhusu upana wa tairi za baiskeli, soma yaliyonikuta na shemeji

Wakuu, salama?

Ninayoandika hapa yamenitokea mwenyewe, sijatia chumvi. Wife akipita humu atanijua, poa tu.

Naishi Olasiti, natunza stoo ya vifaa vya ujenzi kule Sakina. Ufunguo wa stoo ninao mimi, kwa hiyo nikichelewa, mafundi na magari yote yanasubiri nje. Bosi alishaniambia nikichelewa tena ufunguo anampa mtu mwingine. Na huyo mtu namjua, anautamani.

Nikanunua baiskeli ya mtumba. Nyepesi, tairi nyembamba zimeandikwa 28, yaani upana wa milimita 28. Kwenye lami inateleza vizuri mno. Shida ni kwamba kutoka kwangu hadi lami ni vumbi na mawe, mvua ikinyesha ndo usiseme.

Wakati huo Anaeli, mdogo wake wife, alikuwa anakaa kwetu. Ni fundi rangi, kwao ni kule juu Meru kwenye kahawa na migomba, alikuja mjini kutafuta kazi. Mtu mzima, mpole, anaongea kidogo. Mimi mtu anayeongea kidogo huwa simwelewi.

Alipoiona tu baiskeli akaniambia tairi hizo hazifai kwa njia yangu, niweke nene, kuna jamaa yake pale Sakina anauza.

Hapo kwenye "jamaa yake" masikio yakasimama. Wakuu, mjini hapa mtu akikuelekeza duka ujue kuna cha juu chake. Nikamwambia asante shemeji, nitafikiria. Moyoni nikasema umenikosa.

Haikuchukua muda, pancha zikaanza.

Tairi la nyuma tu. Nikichomoa tyubu sioni msumari wala mwiba. Naona matundu mawili, sambamba. Kila pancha, mawili.

Sasa nyie niambieni, ni msumari gani unatoboa mara mbili kwa nafasi ileile?

Nikaingia jikoni nikachukua uma. Msinicheke. Nikauweka juu ya tyubu, nikaruka jino moja, ukakaa karibu sawasawa. Nikakusanya uma zote za nyumba nikazifungia kwenye begi chini ya kitanda. Jumapili wakaja wageni kutoka kanisani, wife anahangaika jikoni kutafuta uma, mimi nimekaa sebuleni namtazama Anaeli usoni. Hakushtuka hata kidogo. Nikasema huyu amebobea.

Alfajiri moja nikachungulia dirishani. Namwona kachuchumaa, mkono uko kwenye gurudumu la nyuma.

Nikatoka nikamuuliza anafanya nini. Akasema anajaza upepo, pampu ameazima kwa jirani, na si mara ya kwanza, tairi analikuta limelegea.

Pampu kweli ilikuwepo. Lakini nani anaamka gizani kumjazia mwenzake upepo bure? Halafu upepo huo nilikuwa naupunguza mwenyewe makusudi, maana tairi likiwa gumu mawe yale yanaua mgongo. Nikaona anatafuta pa kujifichia.

Nikamwita dada yake, na mbele yake nikamwambia Anaeli kwamba anatoboa tyubu zangu ili ninunue tairi kwa jamaa yake. Nikatoa na uma kama ushahidi.

Anaeli akasema, "Shemeji, nakula kwako. Nikuharibie kazi inayonilisha?"

Nikamjibu kwamba hayo hata mwizi anayasema. Wiki hiyohiyo akahama, akaenda kukaa na mwenzake kule Terrat. Wife hakugombana na mimi. Alikuwa ananitengea chakula anaondoka, na hilo lilikuwa baya kuliko ugomvi.

Baiskeli nikaanza kulala nayo chumbani, katikati ya kitanda na kabati. Mlango nafunga mimi.

Pancha zikaongezeka.

Siku moja niko njiani, hakuna mtu mbele wala nyuma, nikapanda jiwe lenye ncha. Nikasikia ringi imegonga, ko, na upepo ukaisha hapohapo. Nikakaa pembeni nikachomoa tyubu. Matundu mawili, sambamba.

Nikailaza juu ya ringi. Ringi ina kingo mbili, huku na huku, na matundu yakaangukia kwenye kingo zile sawasawa kabisa. Tairi nyembamba, upepo mdogo, na mimi mwenyewe si mwepesi. Jiwe linaminya tyubu hadi kwenye chuma, chuma kinatoboa pande zote mbili. Zile siku nilizofika salama ni zile ambazo Anaeli alikuwa amejaza upepo.

Niliona aibu wakuu, aibu ya kweli, na hakuna hata mtu aliyekuwa ananitazama. Bosi alinifokea siku hiyo, ila ufunguo aliniachia.

Nikaenda kutafuta tairi nene. Tabia haina dawa, nikaanza na maduka mengine. Wa kwanza akanifungia za 50, zikawa zinasugua fremu, akasema zitalika kidogo kidogo zitakaa. Nikamwambia azitoe. Kwa hiyo msidhani wasiwasi wote ni ujinga.

Nikaishia kwa yule jamaa wa Anaeli. Akapima nafasi kwenye fremu, akaangalia upana wa ringi, akasema 38 ndiyo mwisho. Nikamuuliza wazi Anaeli anapata ngapi hapo. Akanishangaa. Akasema Anaeli alishampitia zamani, akamwomba nikija anipunguzie bei na asinitajie jina lake, maana nikilisikia nitadhani napigwa.

Nililipa nikaondoka.

Kwenye lami napoteza speed kidogo, kwenye mawe napita natabasamu, na pancha sijapata tena. Ushauri wangu: usichague tairi kwa kuangalia kipande kizuri cha njia yako, angalia kile kibaya kabisa. Pima fremu kabla hujalipa. Na upepo usipunguze hovyo. Kuhusu watu, sina ushauri, mimi mwenyewe bado najifunza.

Nilienda Terrat kuomba radhi. Anaeli alinipokea, tukanywa chai, akasema yameisha.

Ila kila akija kwetu, akifika pale ilipoegeshwa baiskeli anasimama, anamwita dada yake atoke nje ashuhudie, halafu anapita mikono ikiwa juu kama mtu anayepekuliwa. Dada yake anacheka. Yeye hacheki.

Wenye uzoefu na mashemeji, huu ni utani au bado ana donge? Semeni, maana mimi kumuuliza siwezi.