Maziwa Mazuri ya Persis Nyangate

Jumanne, tarehe 12 Machi 2024, Orpah Bitutu alipokea mjini Kisii chupa moja ya maziwa kutoka Nyansiongo. Jambo lililothibitishwa, ambalo kisa hiki chote kinalitegemea, ni hili: kirusi kiitwacho T4, ambacho hushambulia bakteria, kina nyuzi ndefu sita mkiani, na kwa nyuzi hizo hutambua bakteria kinayoitafuta na kuiacha isiyo yake.

Orpah ni mtaalamu wa maabara mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, mzaliwa wa Sironga, binti wa mchuma chai. Maabara yake ni vyumba viwili nyuma ya duka la dawa za mifugo. Kanisani huulizwa kama anapima malaria. Akieleza kwamba yeye hutafuta virusi vya namna hiyo, ambavyo wenzake huviita faji, katika maji machafu ya machinjio, watu huitazama mikono yake kabla ya kumpa amani.

Maziwa yale yalikuwa ya ng'ombe wa Persis Nyangate, mjane anayefuga na kulima mahindi. Kiwele cha ng'ombe huyo kilikuwa kimevimba upande wa nyuma kushoto, na dawa za Ochoki, daktari wa mifugo, zilikuwa zimeshindwa. Haron, mwana wa Persis, alikuwa amekwisha kupatana na mchinjaji: angekuja Jumatatu, tarehe 15 Aprili. Persis hakutaka hata kulisikia jambo hilo, kwa kuwa ng'ombe huyo aliletwa katika mahari ya binti yake wa pekee, Joyline.

"Mahari ya dada yako haipimwi kwa kilo ikiwa bado imesimama," alimwambia mwanawe.

"Imesimama, Mama, lakini haikamuliki. Hata meza imesimama."

Ochoki alikuwa amemwachia Persis chupa safi ya maabara na maagizo mafupi: akamue kutoka chuchu inayougua, afunge, atume. Orpah aliotesha bakteria waliokuwamo, akatafuta faji ya kuwaua, akaipata katika mfereji wa machinjio. Ilifanya kazi vizuri mno. Kila ilipodondoshwa juu ya sahani yenye bakteria, palibaki doa jeupe, safi, la wafu. Kabla ya kumtibu ng'ombe, Ochoki alileta maziwa mengine aliyoyakamua kwa mkono wake mwenyewe, ili wahakikishe. Faji ile ile haikuacha doa hata moja. Bakteria walitanda sahani nzima kama utando juu ya uji.

Orpah alidhani bakteria wamebadili sukari za ngozi yao, jambo ambalo hutokea, na nyuzi za faji zikakosa pa kushika. Alirudia jaribio. Alibadilisha maji, akabadilisha chumvi, akaibadilisha hata meza. Mkuu wake, Nyasani, alianza kuchungulia mlangoni kila asubuhi.

"Orpah, virusi vyako vimegoma?"

"Havijagoma. Havishiki."

"Tofauti ni nini?"

"Anayegoma anaijua kazi, ila hataki. Hivi havijamjua mtu aliye mbele yao."

"Basi wajulishane. Umeme wa jokofu hilo unalipiwa."

Ijumaa, tarehe 5 Aprili, Orpah alichoka kubishana na sahani, akaenda Nyansiongo. Alimkuta Persis akipika haraka haraka ili moto uzimwe kabla ya Sabato kuingia. Orpah, ambaye ni Mkatoliki, hakuwa na haraka hiyo, wala hakuwa na subira yoyote iliyosalia.

"Mong'ina," alisema, kwa heshima wanayopewa akina mama wa umri ule, "chupa ya kwanza uliijaza kutoka chuchu ipi?"

Persis alipanga kuni zilizokuwa zimepangika.

"Ya mbele. Ya kulia."

"Ochoki alikwambia ya nyuma!"

"Aliniambia. Lakini, mwanangu, mle mnatoka usaha. Nitoe usaha nyumbani kwangu niupeleke kwa binti wa watu? Ungesema nimeolewa kutoka wapi?"

"Ningesema umenipa nilichoomba!"

"Maziwa mabaya hayatoki katika boma hili kwenda kwa mtu. Hata mama mkwe wangu hakufanya hivyo, na alikuwa mkali. Na chupa yenyewe niliiosha kwanza, kwa maji ya kijito."

"Ilikuwa imechemshwa, Mong'ina!"

"Na nani? Mimi sikumwona."

Haron alicheka mlangoni. "Mama alikutumia maziwa ya wageni, nawe ukayatafutia dawa."

Orpah aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kwa zaidi ya wiki tatu alikuwa amewawinda bakteria wa kijito, wasio na kosa lolote. Persis, kwa haya zaidi kuliko udadisi, alimuuliza virusi visivyo na macho vilijuaje kwamba maziwa si yale. Orpah alimwonyesha kwa vidole, kama mama yake alivyokuwa akichuma chai huku akizungumza na jirani bila kutazama kichaka. Vidole hupapasa, hugusa jani kuukuu, huliacha. Vikikuta majani mawili na chipukizi, hushika. Ncha za nyuzi ndefu hufanya vivyo hivyo juu ya ngozi ya bakteria: hugusa, huachia, hugusa tena. Nyuzi kadhaa zikishika kwa pamoja, nyuzi nyingine fupi hukunjuka chini ya mkia na kujikita. Hapo faji haiwezi tena kubanduka.

"Basi vina adabu kuliko Haron," alisema Persis. "Havishiki kisicho chao."

Jioni ile Orpah alichota tope la mkojo na samadi bandani mwa Persis. Jumamosi alilichuja, na kabla ya wiki kwisha alikuwa amepata faji nyingine, iliyotoboa utando wa bakteria wa maziwa aliyoyakamua Ochoki kwa madoa madogo, machache, lakini halisi. Nyasani aliridhia kwa maandishi. Ijumaa, tarehe 12, Ochoki aliiingiza katika chuchu, akaagiza ikamuliwe mara kwa mara usiku na mchana na maziwa yake yamwagwe. Persis aliyamwaga kwa mkono wa kushoto, uso ukiwa umegeuzwa.

Jumatatu mchinjaji alifika. Haron alikamua mbele yake: maziwa mepesi, yasiyo na mabonge. Mchinjaji alikibonyeza kiwele, akalalamikia nauli, akaondoka na mkungu wa ndizi aliopewa kumtuliza. Ng'ombe alibaki.

Persis husimulia kwamba virusi vilimponya. Ochoki husema ni kule kukamuliwa mfululizo, na kwamba ameona viwele vikipona hivyo bila virusi vyovyote. Orpah aliomba maziwa ya siku zile tatu ili apime. Yote yalikuwa yamemwagwa, kama ilivyoagizwa. Faji yake hushika bakteria wale juu ya sahani. Kama iliwashika ndani ya kiwele, haijulikani.