Daftari Kutoka Ng'ambo

Kwetu Busibwabo, mtoto akiulizwa nyumba ya daktari hataji jina langu. Husema, "Kwa yule mama wa mikojo." Marehemu mama yangu aliona aibu sana. Alinisomesha kwa shida, akitarajia niwe daktari wa moyo au wa macho, kiungo cha heshima, nami nikaenda kuchagua figo. Hata nilipopata uprofesa, aliwaambia wenzake wa kanisani kwamba nafundisha "mambo ya ndani ya mwili", akaishia hapo.

Mimi sina aibu. Nimeutumikia mkojo zaidi ya nusu ya umri wangu. Nimeupima, nimeugandisha, nimeutazama kwenye hadubini mpaka shingo ikakakamaa, nimeuandikia makala zilizosomwa na watu wachache sana, na bado ukinionyesha chupa yake asubuhi nachangamka. Kila muhula nawaleta wanafunzi wa udaktari katika hospitali moja ya huku mpakani, na sheria yangu ya kwanza ni hii: mgonjwa wako akikojoa, unapima mwenyewe, kwa jagi, kwa mkono wako. Usimtume nesi. Wanaotoka Nairobi hukunja pua wiki ya kwanza. Wiki ya tatu utawasikia wakibishana kuhusu rangi kama watu wanaochagua kitenge sokoni.

Muhula mmoja nilikuwa na binti wa Malaba, Mteso kwa kabila, mpole kupita kiasi. Nikimuuliza swali alijibu akitazama sakafu, na jibu lilikuwa sahihi karibu kila mara, jambo lililozidi kuniudhi. Nikampa mgonjwa wa kwao Malaba, mama anayewapikia chapati madereva wa malori wanaopanga foleni kuingia Uganda. Aliletwa Jumatatu akiwa amevimba uso na miguu, anatapika, na mkojo umekata siku mbili.

Presha ilikuwa juu, damu imepungua, vipimo vya figo vibaya ajabu. Mashine ya picha ilikuwa imeharibika, tunamngoja fundi, kwa hiyo sikuweza kuona ukubwa wa figo zenyewe. Wala sikuona haja. Nilisimama kando ya kitanda nikatamka, kwa ile sauti yangu ya darasani, kwamba figo hizi zimekufa polepole kwa miaka, na damu iliyopungua ndiyo ushahidi, kwa kuwa figo zikichakaa mwili huacha kutengeneza damu ya kutosha. Tukamweka kwenye mashine ya kusafisha damu siku hiyo hiyo. Kisha nikamwita kaka yake, mwashi, nikamweleza kwamba dada yake ataitegemea mashine hiyo maisha yake yote, au apewe figo ya mtu.

Yule bwana hakuuliza hata swali moja. "Daktari, mimi niko nazo mbili. Chukua moja." Tukapanga aende hospitali kubwa kupimwa wiki iliyofuata.

Ijumaa asubuhi nilifungua faili la mama yule nikakuta daftari la shule, lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Nilidhani mtoto wa mtu amelisahau. Kisha nikaona mhuri wa zahanati ya upande wa pili wa mpaka, Uganda. Ng'ambo, ukienda kutibiwa unabeba daftari lako, daktari anaandika humo, unarudi nalo nyumbani. Watu wa Malaba hutibiwa huku leo na kule kesho, kutegemea foleni ni fupi wapi. Nimezaliwa mpakani, nalijua hilo tangu utotoni, na sikuwa nimeuliza.

Nililisoma nimesimama. Wiki chache tu nyuma alikuwa ameugua malaria, wakampima kila kitu, na figo zake zilikuwa safi. Ukurasa uliofuata, maumivu ya mgongo, akapewa vidonge. Ukurasa mwingine, vidonge vikali zaidi. Nikamwendea mama mwenyewe, naye akakubali kwamba vilipoisha alinunua vingine dukani, akawa anameza asubuhi na jioni, na maji alikuwa hanywi kwa sababu choo kiko mbali na wateja hawangoji. Na tumbo? Lilikuwa linachoma, na kinyesi kimekuwa cheusi kama lami. Kumbe damu ilikuwa inapotelea tumboni, kwenye kidonda, na dawa hizo hizo ndizo zilizozishambulia figo. Huenda hazikuwa zimekufa. Huenda zilikuwa zimezimia.

Nilimtafuta kaka yake nikamwambia asisafiri kwanza.

"Kwani figo yangu iko na shida?" aliuliza, amekasirika kidogo.

Tukasimamisha vidonge, tukatibu tumbo, tukaendelea na mashine, tukangoja. Figo iliyozimia huamka ikitaka yenyewe, na nyingine haiamki kabisa. Jagi la binti yule lilikaa tupu Jumamosi, tupu Jumapili, tupu mpaka Jumatano. Sikula vizuri wiki hiyo.

Alhamisi nilikuwa koridoni na wanafunzi wengine niliposikia kelele wodini. Binti yule mpole alikuja mbio, jagi ameliinua kwa mikono miwili. "Prof! Mia mbili! Mia mbili na kumi!" Nyuma yake mgonjwa alikuwa ameketi kitandani akiwatangazia majirani, "Imekuja! Imekuja yenyewe!" Nililipokea jagi, nikalitazama dirishani penye mwanga, nikapiga kigelegele. Mimi, profesa, miwani ikining'inia shingoni. Kesho yake ikawa lita moja, halafu tatu, na baada ya siku kadhaa tukaizima mashine. Kaka mtu alicheka mpaka akakaa sakafuni, na figo zake zote mbili.

Siku mama yule aliporuhusiwa kurudi kwenye chapati zake, nilimwita binti ofisini nimpongeze kwa kulitia daftari lile failini.

"Lile daftari ulilipata lini?"

"Jumanne, prof. Niliongea na mgonjwa Kiteso, halafu kaka yake akalileta."

"Jumanne! Mimi nimeliona Ijumaa. Mbona hukusema?"

Alitazama sakafu. Kisha, kwa mara ya kwanza, akanitazama mimi. "Ile Jumatatu ulisema mwenye maoni mengine akuje na mashine yake ya picha. Watu wote wakacheka. Hata mimi nilicheka."

Sikukumbuka. Nilijaribu sana, sikukumbuka. Inaelekea nimesema maneno ya namna hiyo miaka yote, nikijiona mcheshi. Iliniuma. Nilijiuliza ni wangapi kabla yake waliocheka kisha wakanyamaza, na wagonjwa wao walikuwa kina nani.

Nilimwomba msamaha. Jumatatu iliyofuata, kwenye kitanda cha kwanza, nikafunga mdomo. Wanafunzi wakaningoja. Nikazidi kunyamaza, na kwa mtu wa aina yangu hiyo si kazi ndogo. Mwishowe binti yule akasogea mbele, akaanza kueleza ugonjwa wa mzee aliyelala pale, kwa sauti iliyosikika mpaka mlangoni. Alikuwa anakosea kila hatua, na nilimsikiliza mpaka mwisho kwa furaha tupu.