Patroni ya Breki

Mwezi uliopita nilikuwa napanga upya sanduku la nguo la mama, hapa nyumbani kwetu Ndosho, mjini Goma, nikakutana na harufu isiyo na kazi pale. Kati ya vikwembe vilivyokunjwa vizuri kulinuka grisi. Nikachokora hadi chini, nikatoa kipande cha karatoni ya sabuni, cheusi pembeni, chenye matundu matano. Wewe ungekitupa. Mimi niliketi kitandani nikakishika kwa mikono miwili, maana matundu yale niliyatoboa mwenyewe nikiwa na miaka tisa.

Papa alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na alikuwa na gari la zamani alilorithi kwa baba yake, lenye taa za duara na milango mizito. Alilipenda kupita kiasi. Kila Jumapili baada ya misa lilitupeleka Kibumba kwa bibi, ambako viazi vilitungoja kwenye majivu ya moto. Kwangu siku nyingine za juma zilikuwa za kusindikiza tu.

Shida ilikuwa breki zake, zile za kizamani zinazofichwa ndani ya ngoma ya chuma. Zikipata moto kwenye mteremko mrefu, zinachoka. Jumapili moja tukishuka na magunia ya kabichi zilichoka kabisa. Papa alikanyaga, pedali ikazama, naye akalielekeza gari kwenye rundo la mawe ya volkano kando ya barabara. Tulisimama kwa kishindo. Mdogo wangu Amani alipoteza jino, ambalo kwa kweli lilikuwa limeanza kulegea, lakini mama hakutaka kusikia habari za kulegea.

“Papa Furaha,” alisema, akimwita kwa jina langu mimi mtoto wa kwanza, huku akijipangusa majani ya kabichi, “gari yako inajua kwenda, haijue kusimama. Batoto yangu habatapanda tena mule.”

Na mama akisema, amesema. Papa alitakiwa alitengeneze gari hadi mama mwenyewe aridhike, la sivyo aliuze kwa wakata vyuma. Wiki nzima sikumsikia akipiga mluzi.

Kisha akanunua sehemu za mbele za gari la kisasa lililogongwa nyuma: vitovu vya magurudumu, diski za breki, na vile vibanio vinavyozikamata diski. Sasa ilibidi vitu hivyo vikae kwenye miguu ya gari la babu. Vitovu vilipwaya kwenye ekseli nyembamba ya zamani, basi mwenye mashine ya kuchonga chuma akamchongea bushi za kujazia, na hilo likaisha. Lakini kibanio kilihitaji bamba la kukishikilia, pale ngoma ya zamani ilipokuwa imefungwa. Papa akapima kwa rula, akakata. Bamba likakataa. Akapima tena, akakata. Diski ikasugua upande mmoja. Chuma kizuri cha chasisi ya lori kiliharibika, na maneno ambayo sikupaswa kuyasikia nikayasikia.

Mama alikuwa fundi wa nguo, cherehani yake ikikaa barazani, hatua chache tu kutoka kwenye gari. Alivumilia hadi bamba la tatu. Akasimama, makasi mkononi.

“Weye unakata nguo na macho? Patroni yako iko wapi?”

Patroni ni ile karatasi ambayo fundi hutandika juu ya kitambaa kabla ya kukata. Mama akaichana karatoni ya sabuni, akaibandika kwenye chuma chenyewe cha gari, akaisugua kwa kidole gumba chenye grisi hadi alama za matundu zikajitokeza. Mimi nikapewa sindano kubwa nitoboe. Patroni ya kwanza ilikosea kidogo, ya pili pia, naye akajaribisha tena bila haraka, alivyozoea kumjaribisha bibi harusi gauni. Ya tatu ikakaa. Papa akakata bamba kwa kuifuata, na diski ikazunguka bila kugusa popote. Alicheka hadi akakaa chini. Nami nikajua moyoni kwamba Jumapili kiti cha mbele ni changu.

Jumapili ilipofika, sisi watoto tulipelekwa Kibumba kwa moto, zile pikipiki za abiria, pamoja na mama na dada yake, mama mdogo Esperansi. Papa alilipandisha gari peke yake. Kwa bibi akapakia magunia sita ya viazi, maana breki hupimwa na mzigo, kisha akajiandaa kushuka. Mama akafungua mlango wa mbele, akaketi.

“Peke yako utajidai,” alimwambia. “Nikiwa ndani utaendesha na akili.”

Kabla ya kufunga mlango alimwita mama mdogo, akafungua fundo la kikwembe chake, akampa ufunguo wa nyumba na kumnong'oneza jambo. Gari likapotelea kwenye kona. Nililia kwa hasira. Nimetoboa matundu yote matano, na mtu mzima anakalia kiti changu!

Walirudi wakipanda polepole, magurudumu ya mbele yakinuka joto la breki mpya, kitambaa cha kichwani cha mama kimemwangukia shingoni. “Mupande,” alisema. Nilipanda, nikanuna hadi Goma.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kwenye sherehe za ukoo ili watu wacheke: jinsi mama alivyoninyang'anya kiti. Hata karatoni ile nilimwonyesha mama mdogo nikitaka tucheke. Hakucheka.

“Unakumbuka ule ufunguo?” aliniuliza. “Mama yako aliniambia: ‘Kama haturudie, batoto usibatenganishe.’”

Nilishukuru, na niliona haya pia. Nikaenda kwa mama, ambaye bado anashona, ingawa sasa uzi anatungiwa na wajukuu. Nikamuuliza kwa nini alipanda, kama aliogopa kiasi hicho. Hakuinua macho kutoka kwenye kitambaa.

“Ile nguo nilikata miye mwenyewe, Furaha. Ningemuvalisha nani mbele ya miye?”

Nikamwambia aksanti.

“Ya nini?” akauliza, kisha akaniomba nimpe makasi.