Penalti ya Tano

Majira ya baridi ya Johannesburg, kwangu mimi, yananukia dawa ya viatu. Najua wengine watataja moshi wa nyasi zinazoungua pembezoni mwa jiji, au vumbi lile kavu linalokukereketa koo tangu Juni mpaka mvua zirudi, na yote hayo yalikuwepo. Lakini mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi, harufu iliyotangulia zote ilitoka kwenye kopo dogo jeusi alilolifungua Papa kila alasiri, amekaa juu ya kreti la soda nje ya chumba chetu cha kupanga, La Rochelle, na soksi kuukuu mkononi. Alikuwa mlinzi wa duka la samani huko Rosettenville, na viatu vyake vya kazi alivisugua mpaka nikaweza kujiona meno. Mama, aliyekuwa akikaanga sambusa hatua tatu kutoka pale, humwambia kwamba wezi wa siku hizi hawatazami viatu. Papa hucheka, akatemea mate ncha ya kiatu, akaendelea kusugua. Mikono yake ilikuwa ya askari, lakini miguu yake, kila mtu wa Bukavu aliyepita kwetu aliniambia, ilikuwa ya kitu kingine kabisa.

Papa alikuwa mchezaji mpira wa kulipwa. Winga wa kushoto, na watu walimwita Kushoto hata kanisani. Timu yake ilikuwa ya jeshi, na hapo ndipo penye kichekesho chote na msiba wote. Wachezaji wa timu za jeshi walipewa vyeo ili walipwe mshahara: golikipa koplo, beki koplo, Papa alipofunga mabao matatu katika mechi moja akapandishwa kuwa sajini. Walivaa sare siku ya kupigwa picha, wakairudisha stoo, wakaenda mazoezini. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufyatua risasi. Waliziona tepe zile za mkononi kama namba za jezi tu, mpaka vita vilipofika na jeshi likafungua daftari lake na kukuta mle sajini mmoja, makoplo tisa na askari wa kawaida kumi na wawili, wote wazima, wote wana mapafu ya kukimbia siku nzima. Makaratasi yakageuka kuwa kweli kwa asubuhi moja.

Kisa cha asubuhi hiyo nilikijua kwa moyo kwa sababu Papa alikisimulia kama wenzangu walivyosimuliwa hadithi za sungura. Kila baada ya mazoezi, yeye na golikipa wao, rafiki yake Bisimwa, walibaki uwanjani kwa penalti tano. Papa akifunga tatu, Bisimwa anafua jezi ya Papa. Akishindwa, Papa anafua ya Bisimwa. Na kabla ya kila penalti Bisimwa alikuwa na lake: aligonga kila mlingoti mara mbili kwa kisigino, akisema “hodi” kwa sauti, kana kwamba anaingia nyumba ya watu. Asubuhi ile Papa alikuwa amepiga nne, mbili zimeingia, mbili zimedakwa. Ya tano ilikuwa imeshawekwa kwenye alama lori la jeshi lilipopiga honi. Majina yakasomwa kutoka orodha mbili. Papa alikuwa kwenye ya kwanza, Bisimwa kwenye ya pili, malori mawili, kambi mbili. Baadaye jeshi likapasuka, kambi ya Bisimwa ikaenda upande wa pili, na kwa miaka yote ya vita marafiki wale wakawa maadui kwa amri ya watu wasiowahi kuwaona wakicheza. Mpira ulibaki pale chini. Papa aliapa kwamba mguu wake hautagusa mpira mwingine kabla ya ule, na Mama, ambaye hakuwa na subira na viapo vya wanaume, alisema vita vimempa jeraha moja tu, la kichwani.

Mimi kiapo kile kilinitesa. Sikuwahi kumwona Papa akicheza hata mara moja, na shuleni nilikuwa nimeshajisifu sana. Nilisema baba yangu alikuwa akiujaza uwanja mzima. Wasichana wa darasa langu walimjua kama yule security anayesalimia watu pale kwenye makochi, na wakaniuliza alikuwa akiujaza na makochi? Nilirudi nyumbani nikamwomba apige mpira japo mara moja, mbele yao, barabarani tu. Alinishika kidevu akaniambia, “Mama, kuna mpira mmoja unaningojea. Nikipiga mwingine, ule utasikia vibaya.” Alikuwa akiniita Mama alipotaka nisiendelee kubishana, maana nilirithi jina la mama yake.

Majira yale ya baridi watu wetu walianzisha mashindano ya kila Jumapili, baada ya misa na ibada, kwenye uwanja wa nyasi za manjano karibu na kwetu. Walikuja Wakongomani na Warundi, walikuja Watanzania, walikuja Wakenya wa Sandton na magari yao na njumu mpya za rangi ya machungwa. Zawadi ilikuwa mbuzi. Kwa kuwa ua wetu ulikuwa na nafasi, mbuzi alikabidhiwa kwetu mpaka fainali, na katika wiki tano alikula kapeti la mlangoni, nusu ya kitabu changu cha hesabu na kofia ya mwenye nyumba. Nilikuwa na furaha kupita kiasi. Timu ya La Rochelle ilikuja kumbembeleza Papa mara mbili, wakakalishwa, wakanyweshwa chai, wakaambiwa habari ya ule mpira. Kisha Papa akaomba kazini apewe zamu za Jumapili, ili asiwe karibu na kishawishi.

Nusu fainali tulikutana na Doornfontein, timu ya mafundi cherehani na vinyozi. Nilikuwa nikimsaidia Mama kuuza sambusa nyuma ya goli lao. Kipindi cha pili tukapata penalti, na kelele zikawa kubwa hadi mbuzi, tuliyekuja naye ili watu wamwone, akakata kamba. Mimi ndiye niliyetumwa kumkamata, na nilikuwa nimemshika shingo, hatua chache tu kutoka golini, nilipomwona kipa wa Doornfontein akigeuka. Mtu mrefu, amevaa kofia ya sufu, mvi kidogo kwenye ndevu. Akaenda kwenye mlingoti wa kulia, akaugonga kwa kisigino mara mbili. “Hodi.” Akavuka goli, akagonga wa kushoto. “Hodi.” Halafu akaudaka mkwaju wetu kama anayepokea mkate.

Watu wangu walishika vichwa. Mimi nilimwachia mbuzi nikatimua mbio.

Papa alikuwa lindoni, mitaa minne kutoka pale, amesimama wima mbele ya kioo chenye sofa nyekundu. Pembeni yake kulikuwa na Athumani wa Tanga, aliyeuza mikanda na vifuniko vya simu juu ya meza ndogo. Nilifika bila pumzi. “Papa, kuna kipa anagonga milingoti. Anasema hodi!”

Hakucheka. Aliniuliza, “Anagonga mara ngapi?”

“Mara mbili. Kwa kisigino. Anaanza wa kuume.”

Nilidhani ataruka. Badala yake alibaki pale pale, macho yameloa, mikono imeshika rungu. “Siwezi kuacha lindo,” alisema. “Sikuwahi kuacha lindo, hata kule.” Nilimwambia mechi inakwisha na watu wa Doornfontein wataondoka. Alinisikia, nilimwona amenisikia, na bado viatu vyake vinavyong’aa havikusogea. Nikaanza kulia kwa hasira. Hapo Athumani alikunja meza yake. “Kaka, hebu lete hiyo kofia,” akasema. “Na rungu. Mimi nakaa hapa mpaka urudi, sofa hazitakwenda popote bwana. Nenda, mtoto asije akazimia.” Papa alimvika kofia, akamrekebisha ukosi kama anayekagua gwaride, akanishika mkono. Tulikimbia. Kwenye robot hatukungoja taa ibadilike, na sijui kama nimewahi kukimbia tena kwa furaha namna ile.

Mechi ilikuwa imekwisha, tumefungwa moja bila. Doornfontein walikuwa wakipanda kombi yao, na yule kipa alikuwa ameshaingiza mguu mmoja. Nilitaka kuita. Papa alinibana mkono ninyamaze. Alichukua mpira kutoka kwa watoto waliokuwa wakiuchezea, akaenda nao mpaka kwenye alama ya penalti, akauweka chini, akarudi nyuma hatua nne na kusimama, na sare yake ya ulinzi na viatu vyake vya kazi. Mtu mmoja kwenye kombi aligeuka, akamgusa kipa begani. Bisimwa akatazama. Aliutoa ule mguu taratibu. Akaja akitembea, akampita Papa bila salamu, akaenda golini. Gonga, gonga. “Hodi.” Gonga, gonga. “Hodi.” Sauti ya pili ilimkatika katikati.

Papa akakimbia, akapiga, na mpira ukapaa juu ya mtambaa wa panya, ukapita nyaya za umeme, ukaangukia uani kwa watu, mbwa wakaanza kubweka. Mimi nilijua wasichana wa darasa langu wako pale, wanakula sambusa za Mama. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini Bisimwa alikuwa ameweka mikono kiunoni, anatikisa kichwa.

“Ile haihesabiwi,” akasema. “Rudilia, Sajini. Vita ilishaisha.”

Mpira ukaletwa. Safari hii Papa alipiga chini, kushoto, kwa ule mguu niliousikia maisha yangu yote, na Bisimwa akarukia kulia. Haukupatikana hata muda wa kushangilia, kwa sababu Papa aliufuata mpira wake mpaka golini, akalala vumbini kando ya rafiki yake, na wanaume wawili wazima wakabaki wamelala pale wakicheka na kulia, hata refa akavua kofia. Mama aliuliza nani ataifua sare hiyo.

Jibu lilikuja Jumatatu. Bisimwa alitoka Doornfontein na mche wa sabuni chini ya kwapa, akaomba beseni, akakaa kwenye kreti la Papa na kulifua lile shati la security, kola kwanza, kama mama yake alivyomfundisha. Jirani wote walitoka kutazama. Alipolianika, mbuzi aling’ata mkono wa shati, tukamfukuza ua mzima. Nilipotulia nilimuuliza lile swali ambalo watoto huuliza kwa sababu hawajui kuogopa: “Tonton,” yaani amu, “kule vitani mlipigana na Papa?” Mama aliniita kwa jina langu lote, lakini Papa alimzuia kwa mkono. “Mimi vita nzima nilipiga kama ile ya kwanza,” alisema. “Juu. Juu kabisa ya vichwa vya watu.” Bisimwa alikamua soksi, akasema naye bunduki yake ililijua anga tu. Sijui kama ndivyo ilivyokuwa siku zote, kwa miaka yote ile. Sikuwauliza tena, na niliwapenda kwa lile jibu.

Mengine yalikwenda vizuri kuliko tulivyostahili. Mwenye duka alipita Jumapili ile, akapigiwa saluti safi na Athumani, akampa kazi ya Jumamosi. Fainali walishinda Wakenya, ambao hawakujua wampandishe vipi mbuzi kwenye ghorofa la Sandton, wakatuachia, tukamla wote pamoja. Mwaka uliofuata Papa alicheza, na wasichana wa darasa langu wakaniomba niwapeleke kwetu.

Leo mimi ndiye ninayefanya kazi Sandton, na binti yangu Neema ana miaka kumi. Anacheza mpira kwenye nyasi za plastiki, kuna nyavu golini, mwalimu ana filimbi na saa ya kupima mwendo. Kiswahili anakisikia chote na hujibu kwa Kiingereza, au kwa Kizulu akikasirika. Viatu vyake havijui dawa, hufutwa kwa kitambaa. Sioni ubaya, nasema tu kwamba wakati mwingine nasimama kwenye uwanja ule mzuri nikanusa, na hakuna kitu. Huko nyumbani habari za vita zinarudi tena na tena, na kila zikija Papa huuliza kwanza kama ligi inachezwa.

Lakini Jumapili moja ya kila baridi tunarudi kwenye uwanja wa zamani, na wazee wale hupiga penalti zao. Ya kwanza Papa huipeleka juu ya mtambaa wa panya kwa makusudi, Bisimwa husema haihesabiwi, ndipo tano zenyewe huanza. Mwaka huu goti la Papa lilikataa. Alimwita Neema, akampa mpira, akamwonyesha alama. Nilitaka kumweleza mwanangu utaratibu, kwamba ya kwanza ni ya kwenda juu, lakini Bisimwa alikuwa ameshagonga milingoti yake. Neema akakimbia, akapiga kwa kushoto, chini, pembeni kabisa, na mzee wa watu akaanguka upande mwingine.

Bisimwa akainuka, akajipangusa vumbi magotini.

“Ile inahesabiwa,” akasema, na akaniuliza sabuni iko wapi.