Ubao Ukigongwa

Kila asubuhi, kabla ya kubonyeza kitufe cha msumeno, Fundi aliita mahudhurio. Kidole gumba kiligusa cha shahada, kikagusa cha kati, cha pete, kikamalizia na kile kidogo. Mkono wa kulia kwanza, halafu wa kushoto. Vyote vikishaitika, alibonyeza.

Vijana wa kiwandani hawakuchoka kumtania. "Fundi, kuna mtoro leo?"

"Hayupo. Lakini wewe ukiendelea kusimama hapo, darasa lako litapungua."

Wakacheka, msumeno ukaanza kulia, na tangu hapo hakuna aliyesikia neno la mwenzake mpaka saa ya chai.

Kiwanda chenyewe kilikuwa banda refu la bati, wazi pande zote. Magogo yaliingia upande mmoja, mbao zikatokea upande wa pili, na vumbi la mbao likabaki kila mahali: kwenye nyusi, kwenye vikombe, hata ndani ya soksi za mtu aliyevaa buti. Msumeno mkubwa ulihitaji watu wawili, mmoja wa kusukuma ubao na mwingine wa kuupokea ng'ambo ya pili. Fundi alisukuma. Mpokeaji alikuwa kaka wa mkewe. Fundi alimwita Shemeji, na kiwanda kizima kikamwita Shemeji, hata wale ambao hawajawahi kuoa wala kuposa.

Watu walioziba masikio hawawezi kuambiana jambo kwa mdomo. Kwa hiyo wawili hawa walizungumza kwa ubao. Shemeji akiona msumari uliojificha ndani ya mti, au mkono wake ukinaswa, aligonga ubao mara mbili kwa ngumi. Ubao ulibeba habari hiyo mpaka kwenye viganja vya Fundi, na Fundi akanyanyua mguu kwenye pedali. Msimamizi aliwahi kuwaletea taa nyekundu ya kuonyana. Vumbi liliifunika upesi, wakarudi kwenye kugonga.

Hata nyumbani jambo hilo liligeuka mchezo. Binti yake alipokuwa mdogo, Fundi alilaza ubao sakafuni, akamfumba macho mtoto, akamziba masikio kwa pamba, akamwambia aweke kiganja mwisho wa ubao. Yeye au Shemeji aligonga mwisho wa pili, kwanza kwa ngumi, kisha kwa kidole, kisha kwa ncha ya ukucha. "Nimesikia!" mtoto alipiga kelele kila mara. Halafu ilikuwa zamu ya baba, na baba hakukosea hata mara moja. Mtoto alikua akiamini kwamba viganja vya baba yake vina masikio.

Mgongo ulianza na gogo moja. Liliteleza kwenye mnyororo, Fundi akalizuia kwa bega kwa sababu nyuma yake alisimama mtu. Mtu yule alisalimika. Mgongo wa Fundi haukusalimika. Hospitalini alipewa vidonge vya kumaliza siku chache, na vilipokwisha akaenda kwa muuza dawa wa pale kona, ambaye hakuwa mtu wa maswali mengi.

Kidonge cha kwanza kilikuwa rafiki. Kilimwinua kitandani, kikamfikisha kazini, kikamrudisha akiwa bado ana hamu ya kutaniana na mkewe. Kisha kimoja kikaomba mwenzake, na hao wawili wakaomba ndugu zao, kama wageni wanaofika kwa kisingizio cha kusalimia tu. Ilifika wakati Fundi hamezi tena kwa ajili ya mgongo. Alimeza kwa sababu asipomeza kila kitu kinamuuma: meno, mwanga wa dirishani, sauti ya mkewe akiuliza kama sukari imetosha. Akimeza, vyote vilinyamaza. Ubao ulipita mikononi mwake kama jambo linalotokea nyumba ya jirani.

Ndipo siku moja Shemeji akagonga na Fundi asisikie.

Msumeno ulichukua ncha ya glavu ya kulia ya Shemeji, pale kidole cha kati kinapokaa. Kidole chenyewe kilikuwa kimekunjwa ndani kwa bahati tu. Fundi aliona kipande cha glavu kikiruka ndipo akanyanyua mguu. Walitazamana, msumeno ukiendelea kuzunguka wenyewe, ukipungua, ukipungua.

Shemeji ndiye aliyeanza kucheka. "Kosa langu. Nimegonga kama bibi harusi anayebisha hodi ukweni."

Fundi akacheka pia. Alikubali lawama ile ibebwe na asiyestahili, kwa kuwa ilikuwa nyepesi mikononi mwa Shemeji na ingekuwa nzito sana mikononi mwake. Nyumbani hakumwambia mtu.

Huenda mambo yangeendelea hivyo kama si kijana aliyeitwa Moshi, dereva wa folklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, ambaye jina lake halikutokana na bomba la mashine. Moshi aliingia ofisini kwa msimamizi bila kubisha hodi, yeye na folklifti yake, kupitia ukutani. Hakuna aliyeumia, ila macho ya Moshi yalikuwa mekundu kama nyanya. Wakubwa wakasema basi, sasa tunapima.

Ilipaswa kuwa siri. Lakini tarishi wa ofisi hakujua kutunza siri kama kikapu kisivyojua kutunza maji, na Ijumaa saa ya chai kila mtu alikuwa na habari: Jumatatu nesi anakuja na vikopo. Kila anayegusa mashine atatoa mkojo. Atakayekutwa na bangi, au unga, au vidonge vya kulevya asivyoandikiwa na daktari, kazi hana. Atakayejitaja mwenyewe kabla ya kupimwa atapelekwa kutibiwa, wala hafukuzwi, ila mashine hataigusa mpaka daktari aseme.

"Mimi watakuta chai tu," alisema mmoja.

"Wewe watakuta chai ya wenzio," akajibiwa. "Kila siku kikombe changu kinapungua."

Wote walicheka. Fundi alicheka kuliko wote, na kikombe chake kikamwagika.

Jioni alimkuta Moshi getini, buti zake mkononi, amekuja kuchukua vitu vyake. Moshi alimtazama usoni, kisha akatazama mikono yake, akaelewa bila kuambiwa.

"Mzee wangu, tafuta mkojo wa mtu safi. Utie kwenye kichupa, ubane kwapani. Nesi akishika kikopo akakuta cha baridi, umekwisha."

"Wewe ulifanya hivyo?"

"Ningefanya hivyo, ungenikuta hapa na buti mkononi?"

Jumamosi Fundi hakutulia. Alikaa kwenye benchi la uani akasimama. Alikwenda getini kumtazama mtu ambaye hakumngoja, akarudi jikoni kunywa maji, akanywa tena, kana kwamba miezi mingi inaweza kusuuzwa kwa siku moja. Hakuwa amemeza kidonge tangu asubuhi. Miguu yake ilitaka kwenda mahali isipopajua yenyewe. Alianza kukaza bawaba ya mlango, akaiacha nusu, akaenda kupanga kuni zilizokwisha pangwa.

Shemeji alimkuta hivyo. Dada yake alikuwa amekwenda sokoni. Uani alikuwepo Fundi na bintiye, ambaye alikuwa amerudi kutoka chuo kikuu na vitabu vingi kuliko nguo, na alisoma ameegemea ukuta kama sehemu ya ukuta wenyewe.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, profesa. Macho hayajachoka?"

Shemeji alitoa kitu mfukoni akakiweka juu ya benchi. Kilikuwa kinyundo kidogo cha mti mgumu, kimepigwa msasa mpaka kikang'aa, mpini wake umefungwa uzi ili usiteleze.

"Cha nini hicho?" binti aliuliza.

"Cha kumgongea baba yako. Juzi juzi niligonga kizembe, hakusikia, nikabakiza kidole kwa neema ya Mungu." Aliinua glavu isiyo na ncha, akachomoza kidole na kukichezesha kama mtoto anayechungulia tundu la mlango. "Ngumi zangu zimezeeka. Sasa na kinyundo hiki, hata jirani ataacha kazi."

Fundi alisema kinyundo ni kizuri. Alikigeuza mkononi, akasifu uzi. Bintiye alikuwa amefunga kitabu, kidole chake kikiwa bado ndani ya ukurasa, na hakumtazama mjomba wake. Alimtazama baba. Fundi akainuka ghafla kwenda kumalizia bawaba.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Lakini wahenga hawakusema afanye nini mtu mwenye siku moja iliyobaki. Fundi alijiona ameshika ufagio, akizoa vumbi chini ya msumeno ambao mtu mwingine anausukuma, vijana wakimpita pembeni wasijue wamtanie nini. Mtu aliyeita mahudhurio kila asubuhi, leo hana darasa. Kujitaja hakuwezekani. Ilibaki kichupa.

Mkewe alimeza dawa za presha, na Fundi alihofia zitaonekana. Mtu safi katika nyumba ile alikuwa mmoja, naye baba hawezi kumwomba binti yake kitu kama kile. Afadhali aombe jua lishuke. Kwa hiyo Jumapili, baada ya chakula cha mchana, alimweleza mkewe.

"Si dawa za mgongo tu?" mkewe alisema. Vidonge alivijua, aliviona kila siku juu ya kabati kando ya kitana. "Wanataka kukuonea wewe uliyewajengea kiwanda?"

"Ndiyo hivyo. Lakini hawatasikia."

"Basi mimi nitasema naye. Wewe kaa."

Hakukaa. Alizunguka uani, akasimama chini ya dirisha la chumba cha bintiye, akajifanya anakagua ukuta. Sauti ya mkewe ilimfikia kupitia pazia.

"Mwanangu, baba yako anaomba kitu kidogo."

"Kitu gani, mama?"

"Kitu ambacho wewe kila siku unakimwaga bure."

"Mama, sielewi."

Ukafuata mnong'ono mrefu. Fundi alisikia neno nesi, akasikia neno Jumatatu, akasikia neno mgongo limetajwa mara nyingi kama mtu anayehonga. Aliona unyayo wake ukigonga chini wenyewe, haraka haraka, akaukanyaga kwa mguu wa pili. Mguu wa pili ukaanza.

Bintiye hakuwa msemaji. Utotoni wageni walidhani ni bubu. Shuleni mwalimu alimwandikia kwamba anajua majibu yote na hasemi hata moja. Fundi aliyategemea hayo. Alitarajia kichupa kitawekwa mahali, bila neno, na baba na mtoto wasingetazamana hata kidogo kwa siku kadhaa, na ingekwisha.

Mlango ulifunguliwa, bawaba ikalia kwa kuwa haikuwa imekazwa sawasawa. Binti alitoka na kichupa mkononi. Kilikuwa kitupu. Mama yake alimfuata mpaka kizingitini, akasimama hapo, kanga ameishika kifuani, uso wake ukiuliza kuna nini.

"Kaa, baba," alisema binti.

Fundi akakaa. Bintiye akaketi upande wa pili wa benchi, kichupa akakiweka kati yao, kando ya kinyundo alichokisahau Shemeji. Kisha akalaza kiganja chake juu ya ubao wa benchi, vidole vimetanuka, kama alivyofundishwa alipokuwa mdogo.

"Shule yote umenilipia wewe," alisema, polepole, macho kwenye kiganja. "Ukisema nikupe, nitakupa. Sitakuuliza habari za vidonge. Nina swali moja tu."

"Uliza," alisema Fundi.

"Mjomba akigonga, unasikia?"

Kizingitini mkewe aliacha kucheza na ncha ya kanga. Aliitazama glavu iliyokuwa imetundikwa na nduguye kwenye msumari wa uani, ile isiyo na ncha, kana kwamba imetundikwa pale dakika ile ile. "Asikie nini?" aliuliza. "Kaka yangu amefanya nini?"

Fundi alifungua mdomo kutia utani. Alikuwa nao, utani haukuwahi kumwisha. Alitaka kusema kwamba kwa kinyundo kile hata wafu watasikia. Alitaka kusema glavu ilikuwa mbovu, kwamba msumeno una matatizo, kwamba Shemeji tangu kuzaliwa ana mkono mlegevu. Kidole gumba chake kiligusa cha shahada, kikagusa cha kati, kikarudi tena kwenye cha kati, kikabaki hapo.

Bintiye hakuondoa kiganja kwenye ubao. Alikuwa akingoja kwa namna alivyongoja zamani, amefumba macho.

"Sisikii," alisema Fundi.