Spika Zilizoingia na Viatu

Chekeni taratibu, maana kidonda bado kibichi. Nyumbani kwangu Uyole, spika zangu ndefu zinasimama juu ya miguu ya chuma yenye ncha kali, na sakafu ya saruji haijawahi kulalamika. Mama mkwe aliponiomba muziki wa kipaimara cha mjukuu wake kule Ilula, nilizibeba na vyuma vyake. Miguu ya mpira iliyokuja nazo niliiacha kwenye boksi. Niliona ni ya watu wasiojua muziki.

Sebuleni kwake palitandikwa kapeti jipya la plastiki, linang'aa. Nikajipa cheo cha kusimama mlangoni.

"Mchungaji, samahani, viatu tunaacha nje. Kapeti ni jipya."

Mzee wa watu akavua, soksi imetoboka kidoleni, nami nikajiona mkwe wa maana.

Wimbo mmoja ulipoisha, nikavuta spika pembeni ili wachezaji wapate nafasi. Chini pakalia kama kitambaa kinachochanika. Wote wakageuka.

Mama mkwe aliinama, akapitisha kidole kwenye mpasuko, kisha akaitazama miguu yangu mitupu.

"Mkwe wangu," akasema kwa upole, "na hizi spika nazo ungezivua viatu."